Moyo unadunda, vipimo viko sawa: huu ni wasiwasi wa aina gani?

Swali: Daktari, nauza mitumba Kibuye, Kisumu. Tangu Machi moyo hunidunda ghafla, mikono hufa ganzi, nahisi nakata roho. Presha na kipimo cha moyo viko sawa. Kemisti alinipa vidonge vya kutuliza. Nikikosa kimoja natetemeka. Siku hizi matatu ya Kondele siwezi kupanda. Nina nini?

Jibu: Dada, maelezo yako yanaelekea ugonjwa wa hofu ya ghafla. Hofu hiyo hufika kilele kwa dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe hata usipomeza kitu. Inakuwa ugonjwa pale unapoishi mwezi mzima au zaidi ukiogopa itakayofuata. Kukwepa matatu ni tawi lake: unaogopa kushikwa mahali usipoweza kutoka. Wasiwasi wa jumla ni mwingine. Hauna kishindo, unamtafuna mtu karibu kila siku kwa miezi 6 au zaidi, leo karo, kesho kodi, shingo imekaza na usingizi haupo. Wapo pia wanaoogopa macho ya watu tu, hata kuombwa kufungua mkutano kwa sala ni mateso. Kabla ya yote, uliza kama damu na tezi ya shingo vilipimwa, kwa maana upungufu wa damu na tezi iliyozidi kasi hudundisha moyo vilevile.

Sasa hivyo vidonge. Naviona kila mara: kibahasha cha kaki, jina la dawa hakuna, kimeandikwa kwa biro "1x2". Mara nyingi ni diazepam au ndugu zake. Hutuliza kila aina ya hofu, ndiyo maana watu hudhani wamepona. Kwa kawaida hazipaswi kuzidi wiki 2 hadi 4, kwa sababu mwili huzizoea upesi. Huko kutetemeka huenda ndiko kuzoea kwenyewe. Tena ukimeza kimoja kabla ya kupanda gari, unafika mjini ukiamini kidonge ndicho kilichokuokoa, na kesho hutoki bila hicho.

Usiviache ghafla, unaweza kupata degedege. Beba kibahasha hicho kliniki ya afya ya akili pale Jaramogi, ile hospitali tunayoita Russia, wakupunguzie dozi polepole. Tiba ya mazungumzo itakurudisha kwenye matatu hatua kwa hatua: leo stejini tu, halafu kituo kimoja, halafu safari nzima. Ikihitajika dawa, fluoxetine au sertraline huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na hazimfungi mtu kama diazepam.

Wasomaji wengine mnisikie. Anayekuuzia unga wa "kusafisha mishipa" bila kukuuliza hofu huja lini na umeanza kukwepa nini, hajui anatibu nini. Maombi siyapingi hata kidogo. Ninayempinga ni anayekuamuru utupe vidonge usiku huohuo wa mkesha. Na mnaoteremsha diazepam kwa chang'aa ili mlale, acheni leo hiyo pombe, maana viwili hivyo pamoja huzima pumzi.