Bibi Aliyemzamisha Mbwamwitu Yuko Wapi?

Wiki hii mhariri ameuliza kama wanawake wanaoneshwa kwa haki katika vitabu vya ngano vyenye picha wanavyosomewa watoto. Jibu langu ni hapana, na kwa maoni yangu lawama kubwa iko kwenye picha kuliko kwenye maneno, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma huanza na picha, na alichokiona humo ndicho kinachomkaa kichwani.

Tuitazame ngano ya msichana mwenye kofia nyekundu kama walivyoichapisha akina Grimm, wale ndugu wawili wa Ujerumani, mwaka 1812. Karibu kila mtu anajua kwamba mbwamwitu anammeza bibi, kisha mwindaji anakuja kumwokoa. Hata hivyo, ngano hiyo ina kipande cha pili: mbwamwitu mwingine anapanda juu ya paa ili amvizie msichana, na bibi, ambaye ameshaijua nia yake, anamwagiza mjukuu alijaze hori la mawe lililo mbele ya nyumba kwa maji yaliyochemshiwa soseji. Harufu inampanda mnyama puani, ananyoosha shingo kuchungulia, anateleza na kuzama humo. Hakuna mwanamume aliyetia mkono. Lakini matoleo mengi ya watoto hukiacha kipande hicho, na bibi tunayechorewa ni yule yule mgonjwa aliyejifunika shuka hadi kidevuni.

Mama wa kambo naye ameonewa. Katika toleo hilo la 1812 la ngano za akina Grimm kuna pia ngano ya binti mweupe kama theluji, na humo malkia anayemwonea wivu binti huyo alikuwa mama yake mzazi. Ni toleo la 1819 lililomfanya mama wa kambo. Wachoraji nao wamezoea kuuchora uovu wa mwanamke kwa makunyanzi na pua iliyopinda, na wema wake kwa ujana na uzuri, hata pale ambapo msimulizi hakutaja sura kabisa. Jambo hili linaniuma, kwa sababu wapo watoto wanaolelewa vizuri na mama wa kambo au na bibi mzee, nao wanazitazama picha hizo hizo.

Sikubaliani na wanaotaka ngano ziandikwe upya ili kila msichana ashike upanga. Gretel, msichana wa ngano ya Hansel na Gretel, tayari ndiye anayemsukuma mchawi ndani ya tanuri. Kilichobaki ni achorwe akisukuma. Wachapishaji wawape wachoraji masimulizi kamili badala ya muhtasari, na kabla ya kukubali mchoro wowote waulize ni nani hasa aliyetenda tendo lile.