Simu za bure, faida ya nani?

Swali: Shikamoo mzee. Nauza vocha sokoni Arua, Uganda. Wateja wanapigiana WhatsApp bure; kampuni za simu zinapata wapi faida?

Jibu: Marahaba mwanangu. Bure ya nani? Simu hiyo inakula bando, na bando linanunuliwa. Tabu ni kwamba bando la kampuni hii na la ile ni lilelile. Bei ikishuka kwa jirani, mteja anahama. Ndiyo maana kampuni zinauza na huduma za ziada juu ya bando. Ule wimbo unaousikia ukimpigia shemeji yako, yeye anaulipia, na kampuni inagawana na msanii. Filamu na mpira vivyo hivyo. Serikali nayo haikosi: tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, badala ya zile shilingi 200 ulizolipa kila siku ili utumie mitandao ya kijamii. Nawe fanya kama wao, usitegemee vocha tu: ongeza uwakala wa pesa za simu.