Maswali na Majibu: Mitaa isiyo na nyumba pembeni mwa uwanja wa ndege wa Los Angeles

SWALI: Mwezi uliopita nilisafiri kwa ndege kutoka Los Angeles mchana. Tulipopaa tu, kabla hatujaingia juu ya bahari, niliona chini yetu barabara za lami zilizopinda kufuata vilima vya mchanga, lakini hapakuwa na nyumba hata moja. Abiria niliyeketi naye alisema watu waliondolewa ili uwanja upanuliwe. Mbona njia za kurukia zinaishia kabla ya kufika hapo? Kama ardhi haikutumika, nyumba zilibomolewa kwa nini, na wenyewe walilipwa kwa msingi gani wa sheria?

JIBU: Uliyoyaona ni mabaki ya Surfridge, mtaa wa ufukweni ulio kati ya barabara ya Pershing Drive na ile ya Vista del Mar. Abiria mwenzako hakukosea sana, ila neno “kupanuliwa” ndilo linalopotosha. Mimi ni mthamini wa ardhi, na kwa macho ya kazi yangu kilichotwaliwa pale kwanza kilikuwa anga iliyo juu ya mapaa. Ardhi ilifuata baadaye.

Eneo hilo lilianza kukatwa viwanja mwaka 1921, katika mradi ulioitwa Palisades del Rey, wakati upande wake wa mashariki kulikuwa na mashamba ya maharage na shayiri. Hati za viwanja zilikuwa na masharti juu ya vifaa vya kujengea, na vilevile zilimkataza asiye Mzungu kuishi humo isipokuwa kama mtumishi, jambo lililokuwa la kawaida katika mitaa mingi ya Marekani ya wakati ule. Mwaka 1928 jiji liliteua uwanja uliojulikana kama Mines Field kuwa uwanja wake wa ndege. Ndege zilikuwa za pangaboi, na uwanja wenyewe ulikuwa mbali na vilima. Baada ya Vita Kuu ya Pili uwanja ulizidi kusogea magharibi, hata mwaka 1953 barabara ya Sepulveda ikapitishwa kwenye handaki ili njia za kurukia zipite juu yake. Nalitaja hili kwa sababu watu hupenda kusema kwamba wakazi walijitakia kwa kujenga karibu na uwanja, ilhali kwa wengi wao uwanja ndio uliowafuata.

Januari 1959 Boeing 707 ilianza safari za abiria kati ya Los Angeles na New York. Kwa kuwa upepo wa kawaida hutoka baharini, ndege hupaa kuelekea magharibi, yaani zilipita juu ya Surfridge injini zikiwa katika nguvu kubwa kabisa. Jeti za kwanza zilisukuma nyuma mkondo mwembamba wa hewa wenye kasi kubwa mno, na mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alikwisha kuonyesha mwaka 1952 kwamba nguvu ya sauti ya mkondo wa namna hiyo hupanda takriban kwa kipeo cha nane cha kasi yake. Maana yake, kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya sauti huongezeka zaidi ya mara 250. Dirisha la vioo viwili halifui dafu hapo.

Sasa nije kwenye sheria, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mfugaji wa kuku wa North Carolina aliyeitwa Causby, ambaye ndege za kijeshi zilipita juu ya nyumba yake kwa urefu wa futi 67 tu. Kuku wake wapatao 150 walikufa kwa kujibamiza ukutani kwa hofu. Mahakama ilikataa wazo la kale kwamba mwenye kiwanja humiliki anga yote hadi mbinguni, lakini ikasema kwamba kupita chini kiasi hicho, mara kwa mara, ni kutwaa mali ya mtu, na atwaaye mali hulipa fidia. Kesi ya Griggs ya mwaka 1962, iliyotoka Pittsburgh, ikabainisha nani hulipa: mwenye uwanja, si shirika la ndege wala serikali kuu. Mwenye uwanja wa Los Angeles ni jiji lenyewe.

Ukilipa fidia ya kelele pekee, nyumba hubaki imesimama, na ndege zikiongezeka mdai hurudi. Ukinunua nyumba yote, dai linakwisha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 jiji lilinunua na kutwaa nyumba zipatazo 800, kazi iliyoendelea hadi miaka ya 1970. Baadhi zilibomolewa, nyingine ziling'olewa kwenye misingi na kuhamishwa nzima. Ugumu wa kitaalamu ulikuwa bei ya soko, kwani nyumba iliyokwisha kuharibiwa na kelele haina mnunuzi wa kupimia. Kanuni, iliyowekwa wazi katika sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, ni kwamba anguko la thamani lililosababishwa na mradi wenyewe halihesabiwi dhidi ya mwenye nyumba. Sheria hiyohiyo ilileta malipo ya kuhama, mfano wa ile tunayoiita posho ya usumbufu. Waliotoka mapema zaidi haikuwakuta.

Mwaka 1976 kipepeo mdogo wa buluu wa El Segundo, anayetaga mayai kwenye maua ya kichaka kimoja tu cha vilima hivyo, aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka huohuo California ikatunga sheria ya kulinda pwani. Baadaye jiji lilitaka kuweka uwanja wa gofu hapo, likakataliwa. Ukipita tena, chagua kiti cha dirishani upande wa kulia: huko kaskazini sehemu ya lami imeng'olewa na mimea ya asili imepandwa, huku mitaa ya kusini ikibaki na kingo zake za saruji.