Re: Vibao tu, kelele za nini?

Mkuu umeuliza watu wanapigia kelele nini, si vibao tu vya maelezo ya historia kwenye hifadhi za taifa za Marekani. Sikia, chukua Philadelphia, jiji la jimbo la Pennsylvania, pale ilipokuwa nyumba ya rais. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikaa pale na watumwa tisa, na sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimpa mtumwa aliyeletwa kutoka nje nafasi ya kudai uhuru akitimiza miezi sita jimboni, sasa mzee akawa anawazungusha, miezi haijatimia anawavusha nje ya jimbo halafu anawarudisha, ujanja ujanja tu 😂. Mmoja wao, mwanamke anaitwa Ona Judge, akachomoka 1796, mabosi wako mezani wanakula.

Bila maandishi ya vibao pale, mgeni ataona msingi wa nyumba chini ya kioo, basi. Na 2025 hifadhi ziliagizwa kubandika matangazo wageni waripoti maandishi yanayowasema vibaya Wamarekani wa zamani. Sasa habari ya Ona ni kusema vibaya?