Maswali Yenu kuhusu Dawa: Methadoni haipiti kwenye kaunta

Mimi ni mfamasia hapa Busia, Uganda. Kijana aliyevuka mpaka kuja mazishini ameniletea cheti cha kliniki ya kwao: methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, miligramu 80 kwa siku, siku nne. Nimesoma kwamba Uingereza maduka ya dawa huitoa. Je, naweza kumsaidia?

Kumsaidia unaweza, ila methadoni usimpe.

Uliyoyasoma kuhusu Uingereza ni kweli. Huko duka la kawaida hutoa methadoni ya tiba ya uraibu kwa fomu maalumu isiyozidi siku 14, na mara nyingi mgonjwa huinywa mbele ya mfamasia. Marekani, hata hivyo, duka linaweza kuitoa kwa maumivu, lakini ya uraibu hutolewa na kliniki zilizoidhinishwa. Kila nchi ina mlango wake. Kwetu Uganda mlango huo ni kliniki ya tiba saidizi, yaani kliniki ambako mraibu hunyweshwa methadoni chini ya uangalizi, na ya kwanza ilifunguliwa hospitali ya Butabika, Kampala, mwaka 2020.

Methadoni imo katika jedwali la kwanza la Mkataba wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961. Kiasi kinachoingia nchini hukadiriwa kila mwaka na huingizwa kwa kibali, chini ya macho ya Mamlaka ya Dawa, NDA. Kwa hiyo kila mililita ina mahali inakotakiwa kuwa. Ile inayokufikia nje ya mkondo huo, hata ikiwa na lebo safi, ina shimo katika daftari la mtu fulani. Wengine wanadhani sheria yetu ya dawa za kulevya ilikufa Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha Mei 2023 kwa sababu ya akidi. Bunge liliipitisha upya Agosti mwaka huohuo. Na wenye leseni ya duka la dawa la daraja C wasijiulize kabisa: dawa za daraja A, yaani za kulevya kama methadoni, hazihusiani nao.

Sasa fanya hivi. Mkalishe kijana faragha. Muulize alikunywa lini mara ya mwisho, kiasi gani, na nani alimwona akinywa. Kisha pigia kliniki yake kwa namba unayoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye cheti. Unataka mambo matatu: tarehe ya dozi ya mwisho iliyoshuhudiwa, miligramu zake, na kama amewahi kukosa siku karibuni. Waombe waandike barua ya kumhamisha kwa muda na waipeleke moja kwa moja kwenye kliniki itakayompokea. Kliniki haitamnywesha miligramu 80 kwa neno lake tu, na inafanya vyema: mtu aliyekaa siku kadhaa bila dawa, dozi yake ya zamani inaweza kumuua.

Arosto ya methadoni, yaani mateso ya kuikosa, huchelewa, kwa kawaida siku moja au moja na nusu baada ya dozi ya mwisho. Una muda wa kupanga safari yake. Usimtulize kwa tramado, kodeini au diazepamu. Diazepamu hasa: akiinywa leo, akapewa methadoni kesho, pumzi inaweza kukatika usingizini.

Nimepangiwa dirisha la methadoni kwenye kliniki. Nimezoea dawa za kawaida. Naweza kukosea wapi, ili nijue pa kuogopa?

Kosa la kwanza ni nguvu ya dawa. Methadoni ya maji huja katika viwango tofauti. Miligramu 60 ni mililita 12 kama chupa ni 5 kwa mililita, na ni mililita 6 kama ni 10 kwa mililita. Chupa mpya ikiingia na wewe ukapima kwa mkono uliozoea ile ya jana, umempa mtu dozi maradufu. Soma lebo kwa sauti kila unapofungua chupa, na daftarini andika miligramu na mililita pia.

Kosa la pili ni kupima ukiwa umeinama juu ya kipimo. Kiweke mezani pasipotikisika, shusha jicho liwe sambamba na maji, soma sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa maji. Ukisoma kutoka juu kila mara, jioni salio la chupa halitalingana na la daftari, na utaanza kumshuku mwenzako bure.

Kabla ya kupima, hakikisha ni yeye kwa picha na namba, si kwa jina pekee. Mtazame: anasinzia, ulimi mzito, ananuka pombe? Dozi isubiri daktari. Akishakunywa, mpe maji, kisha mwongeleshe mpaka ajibu sentensi nzima. Asiyetaka kufungua mdomo huenda ameibana dawa shavuni.

Aliyekosa siku tatu mfululizo asinyweshwe kabla ya kuonwa na daktari. Tano au zaidi, huanzishwa upya kama mgeni, siku ya kwanza isizidi miligramu 30. Atalalamika, na uchungu wake ni wa kweli. Mweleze kwamba mwili umeshapoteza uzoefu, na kwamba dozi hujikusanya mwilini siku nne tano: ile inayomtosha Jumatatu inaweza kumlaza Alhamisi.

Ikimwagika, ita shahidi kabla hujafuta. Andikeni kiasi na sababu, mtie saini wote wawili. Ukikosea daftarini, piga mstari mmoja, andika sahihi kando, weka tarehe. Usifute wala usichane ukurasa. Iliyoisha muda hukaa kabatini chini ya kufuli, imetengwa na bado inahesabiwa, mpaka uharibifu wake usimamiwe na NDA. Usiimwage kwenye sinki.

Nesi wa hospisi anaandika mofini. Kwa nini asiandike methadoni?

Ruhusa ya mwaka 2004 iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, kuandika mofini kwa maumivu ya wagonjwa wao. Tiba ya uraibu haimo.

Mwanangu anakunywa methadoni, alikuwa ametulia. Ameanza dawa za kifua kikuu, sasa anatetemeka, anatoka jasho, halali. Wanasema amerudia unga. Ninunue ya kumwongezea?

Pole sana, mama. Usinunue, na usikimbilie kumhukumu. Katika dawa za kifua kikuu mna rifampisini, ambayo hulifanya ini liivunje methadoni haraka. Kikombe ni kilekile, ila kinachobaki mwilini kimepungua, naye anapata arosto. Katika dawa za VVU, efavirenzi na nevirapini hufanya hivyohivyo; dolutegraviri haina shida hiyo.

Kesho nenda naye kliniki mkiwa na vidonge vyote ndani ya pakiti zake. Daktari ataongeza dozi hatua kwa hatua. Asiache dawa za kifua kikuu. Siku atakapozimaliza, mkumbushe daktari, maana ini hurudi polepole katika wiki kama mbili, na dozi ile iliyoongezwa sasa itakuwa kubwa mno isipopunguzwa.

Wakati wowote ukimkuta anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imekuwa ya bluu na haamki ukimtikisa, mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Waambie mlangoni kwamba anakunywa methadoni, ili wamchome naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya methadoni. Hata akiamka wasimruhusu mapema: naloksoni huisha ndani ya saa moja au mbili, methadoni bado imo.