Maswali ya Wasomaji: Mpinzani Anapopiga Kura Katika Mchujo wa Chama Chako

SWALI: Ndugu Mhariri, kijiweni kwetu Mwanjelwa tumebishana hadi tukakosana. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba nchini Marekani mgombea urais anaweza kushinda mchujo wa chama chake kwa kura za watu wa chama kingine. Mimi nilimjibu kwamba huo ni umamluki, na kwamba hakuna chama chenye akili timamu kinachoweza kuukubali. Naomba utuamulie. Na kama ni kweli, je, mgombea anayependwa hata na wapinzani si ndiye mwenye uhakika wa kuingia Ikulu?
Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya

JIBU: Mwenzako amesema kweli, ingawa na wewe hukukosea sana, kama utakavyoona.

Kwanza tuiweke kando kadi ya chama kama tunavyoijua hapa. Mpiga kura wa Marekani halipi ada ya uanachama wala hana balozi wa shina anayemfahamu kwa jina. Katika majimbo mengi hujiandikisha serikalini, na kwenye fomu hiyohiyo hutaja chama anachokiunga mkono au huacha nafasi hiyo wazi. Uchaguzi wa mchujo nao kwa kawaida huendeshwa na serikali ya jimbo, kwa fedha za umma, na sheria za jimbo husika ndizo zinazoeleza nani aruhusiwe kushiriki. Florida na Pennsylvania huwaruhusu waliojiandikisha kwa chama hicho peke yao. Michigan na Texas haziwaandikishi wapiga kura kwa vyama hata kidogo, hivyo kila mtu huamua siku ya kura ashiriki mchujo wa chama gani, ilimradi asishiriki wa vyama viwili. New Hampshire imesimama katikati: aliyejiandikisha kuwa mfuasi wa Democratic hapewi karatasi ya Republican, lakini asiye na chama hufika kituoni, hutaja karatasi anayoitaka, huandikwa papo hapo kuwa wa chama hicho, hupiga kura yake, kisha kabla ya kuondoka hujaza fomu ya kurudi kuwa mtu asiye na chama. Ni uanachama wa dakika chache, na hakuna anayemwita msaliti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2000, katika mchujo wa Republican kati ya George W. Bush, aliyekuwa gavana wa Texas, na Seneta John McCain wa Arizona. McCain alishinda New Hampshire tarehe 1 Februari kwa tofauti kubwa, akisaidiwa sana na wasio na chama, kisha akashindwa South Carolina. Tarehe 22 Februari ikawa zamu ya Michigan, ambako Gavana John Engler alikuwa amejigamba kwamba jimbo lake lingekuwa ngome ya Bush. Siku hiyo Democratic hawakuwa na mchujo wao katika jimbo hilo, na wafuasi wao wengi wakajitokeza kuchukua karatasi za Republican. Wengine walimpenda McCain kwa dhati, kwa sababu ya historia yake ya vita na msimamo wake dhidi ya fedha chafu katika kampeni; wengine, tusifichane, walitaka tu kumwaibisha gavana wao. McCain alipata takriban asilimia 51 na Bush 43, ilhali miongoni mwa Republican wenyewe Bush ndiye aliyeongoza kwa mbali.

Hebu jiulize makada wa Bush walilipokeaje jambo hilo. Walisema McCain amekopeshwa ushindi. Tarehe 7 Machi kinyang'anyiro kilihamia katika majimbo mengi kwa pamoja, ikiwemo California, ambako kila mtu aliweza kumpigia mgombea wa chama chochote lakini wajumbe wa Republican, yaani wale wanaokwenda kumteua mgombea katika mkutano mkuu wa chama, waligawanywa kwa kuhesabu kura za Republican waliojiandikisha peke yao. McCain alishindwa, na siku mbili baadaye akasimamisha kampeni yake. Ushabiki wa nje ulimpa vichwa vya habari. Wajumbe wa mkutano mkuu alitakiwa kuwapata kwa watu wa chama chake, na hao hakuwa nao.

Kuhusu umamluki, upo. Mwaka 2008, McCain alipokuwa amekwishajihakikishia tiketi ya Republican, mtangazaji wa redio Rush Limbaugh aliwahimiza wasikilizaji wake wakampigie Hillary Clinton katika mchujo wa Democratic, si kwa sababu walimpenda bali ili yeye na Barack Obama waendelee kuumizana. Ni vigumu kupima ni wangapi waliitikia kwa nia hiyo, kwa kuwa kura haina dirisha la kuchungulia moyo wa aliyeipiga. Hoja yako, ndugu msomaji, iliwahi hata kufika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwezi Juni 2000 mahakama hiyo ilifuta utaratibu wa California niliousimulia, ikisema kwamba kukilazimisha chama kiteuliwe mgombea na watu wasio wake ni kukiingilia uhuru wake. Lakini mwaka 1986, katika shauri lililotoka Connecticut, mahakama hiyohiyo ilikuwa imekubali kwamba chama kikitaka chenyewe kuwakaribisha wasio na chama, jimbo halina mamlaka ya kukizuia. Kwa maneno mengine, kualika ni haki ya chama. Kulazimishwa ndiko kulikokatazwa.

Sasa nafasi ya kuingia Ikulu. Hapa mimi huwa na shaka na wanaoshangilia mapema. Mwaka 1976 Ronald Reagan alimgaragaza Rais Gerald Ford katika mchujo wa Texas, akisaidiwa na wapiga kura waliozoea kuwa Democratic, lakini tiketi ya Republican ilibaki kwa Ford. Miaka minne baadaye kundi la namna hiyo, hasa wafanyakazi wa viwandani wa maeneo kama kaunti ya Macomb kule Michigan, lilimpigia Reagan katika uchaguzi wenyewe, na likabandikwa jina lake, “Reagan Democrats”. Obama naye alikuwa akitania katika kampeni za 2008 kwamba Republican humjia wakimnong'oneza kuwa wanamuunga mkono. Kule Iowa mtu aliweza kubadili chama usiku uleule mlangoni mwa mkutano wa mchujo, na kampeni yake iliitumia nafasi hiyo vizuri. Hata hivyo, katika mahojiano na wapiga kura siku ya uchaguzi wa Novemba, ni takriban asilimia 9 tu ya Republican waliosema wamempigia yeye. Mwaka 2024 Nikki Haley, aliyewania tiketi ya Republican, aliungwa mkono sana na wasio na chama wa New Hampshire, akapata takriban asilimia 43 dhidi ya 54 za Donald Trump, na mwanzoni mwa Machi alikuwa amekwishajiondoa. Kwa hiyo kura ya mpinzani katika mchujo inaonyesha mvuto, lakini haimsaidii mgombea ambaye nyumbani hajakubalika.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kwa nini vyama vyetu visiige utaratibu huo, ili tupate mgombea urais anayekubalika na wote?
Msomaji wa Kihesa, Iringa

JIBU: Marahaba. Kwetu uteuzi ni shughuli ya chama chenyewe. Mwaka 2015 watangaza nia wa CCM walizunguka mikoani kutafuta wadhamini wenye kadi, na Dodoma vikao vya juu vikawachuja hadi watatu, ndipo Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli ushindi wa kishindo. Edward Lowassa, aliyekuwa akijaza watu popote alipopita, jina lake lilikatwa kabla ya kura hizo. Akahamia CHADEMA mwezi huohuo wa Julai na kupata asilimia 39.97 mwezi Oktoba. Hata pale CCM ilipowaruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni za ubunge, mwaka 2010, ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kadi zilizogawiwa usiku kwa watu wasiojulikana.

Kuiga Marekani kungedai mojawapo ya mambo mawili: ama mtu yeyote achague siku hiyo ashiriki mchujo upi, na hapo hofu ya umamluki ingevitoa vyama jasho, ama Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo leo halimuulizi mtu chama chake, lianze kumuuliza. Hilo la pili mimi siliungi mkono. Mama anayeuza viazi pale Mlandege hapaswi kumtajia karani wa serikali chama anachokipenda ili tu apate kitambulisho cha kupigia kura.