Mafuta ya nazi: mwilini kwa wingi, chunguni kwa kipimo

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mafuta gani ya kokwa au njugu hayakosekani nyumbani kwako, na yanakufaa nini jikoni na mwilini? Kwangu mimi, hapa Wete, jibu limening'inia juu ya mti nyuma ya nyumba. Mafuta ya lozi nayajua, yale ya vichupa vya madukani vinavyokwisha kabla mkono haujafika kiwikoni. Ya nazi ndiyo niliyokandwa nayo nikiwa mchanga, na ndiyo ninayoyapika mwenyewe hadi leo.

Kuyapika ni kazi ya siku mbili. Nachagua nazi zilizokomaa hasa, zile ukizitikisa maji yake yanacheza. Koroma usihangaike nalo, mafuta yake haba. Nakuna, nakamua tui la kwanza, narudia la pili, yote natia ndoo moja na kufunika mpaka asubuhi. Usiku tui hujitenga lenyewe: zito hupanda juu, maji hukaa chini. Naliengua lile la juu, nalitia sufuria pana juu ya moto mdogo wa makumbi. Hapo ndipo anapojulikana mpishi na mpiga soga. Mwanzoni linatokota kwa kishindo kwa sababu ya maji yaliyomo. Maji yakipungua, mafuta huanza kuchungulia pembeni, na makapi meupe, shata, hugeuka rangi ya dhahabu. Kishindo kikinyamaza, epua! Ukizubaa dakika chache tu shata inaungua na mafuta yote yananuka moshi. Marehemu bibi yangu alikuwa hata haangalii sufuria. Alikaa uani anasuka ukili, anasikiliza, kisha huyo anainuka.

Nachuja kwa kitambaa, natia chupa kavu kabisa, maana yakibaki na maji huchacha upesi. Nazi 15 hunipa kama lita moja, na zikiwa ndogo haifiki. Shata wanagombania watoto kwa sukari, machicha wanakula kuku.

Mwilini siyabanii. Nikitoka kuoga, ngozi ingali na umajimaji, napaka miguu, viwiko na visigino. Mafuta hayaipi ngozi maji, yanayafungia yale yaliyopo yasitoroke, kwa hiyo anayengoja akauke kau ndipo apake anajipunja. Nywele ndizo zinazofaidi zaidi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, aina moja ya asidi za mafuta, na umbo lake ni dogo na limenyooka, linapenya hadi ndani ya unywele. Watafiti waliyapima pamoja na mafuta ya alizeti na yale ya madini yanayotokana na petroli ghafi, wakaona ni ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini nywele zinapooshwa. Bibi alikuwa akitupaka Alhamisi usiku, tunaosha Ijumaa asubuhi. Yeye hakupima kitu.

Usoni ni habari nyingine. Binti yangu alipofika umri wa chunusi alijipaka usiku na mchana, akisema ni dawa ya asili. Ndani ya wiki mbili uso ulikuwa kama umemwagiwa mtama, kwa kuwa mafuta haya ni mazito na huziba vitundu vya ngozi. Aliyaacha, uso ukatulia. Wala hayazuii jua: wenzangu wanaoshinda kwenye mwani wapake kwa kulainisha ngozi baada ya maji ya chumvi, lakini kofia na mikono mirefu vibaki palepale. Aliyeungua na moto naye amwagiwe maji safi ya bomba kwanza palipoungua, si mafuta. Na kitovu cha mtoto mchanga kiacheni kikavu, hata kama shangazi ananuna.

Sasa chunguni, ambako najua nitagombana na wengi. Shemeji yangu ana presha. Alitumiwa ujumbe kwenye simu kwamba vijiko viwili vya mafuta ya nazi kila asubuhi husafisha mishipa ya moyo, akaja kwangu na chupa yake. Nilimkatalia. Katika kila gramu 100 za mafuta haya, takribani 90 ni mafuta yale yanayoganda, ambayo huongeza lehemu (kolesteroli) mbaya mwilini. Samli yenyewe haina zaidi ya 65. Ni kweli hupandisha na ile lehemu inayoitwa nzuri, lakini nzuri haifuti mbaya. Kijiko kimoja kikubwa kina gramu kama 12 za mafuta hayo yanayoganda. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani gramu 22 hivi kwa mtu anayekula kalori 2,000. Kwa hiyo shemeji, kabla hajagusa chai, angeshapita mpaka wake, na mchana wali wa nazi unamngoja. Alinuna, akaniambia nimesomeshwa na Wazungu.

Sijasema tuache nazi, Pemba hiyo haiwezekani. Mchuzi wa pweza bila tui ni maji ya moto. Ila tui likiwamo chunguni, samaki wa siku hiyo nambanika badala ya kumkaanga. Nikikaanga kwa mafuta yangu ya nyumbani, moto huwa wa kiasi, kwani huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 175 hivi. Vitumbua ndivyo navipendelea: kijiko kidogo katika kila kishimo, na ile harufu jirani anabisha hodi.

Nusura nisahau. Mwaka mmoja minazi yetu haikuzaa vizuri, nikanunua chupa ya lita kwa mtu aliyekula yamini kwamba ni nazi tupu. Ilikuwa kipupwe, baridi ya alfajiri. Mafuta ya nazi yakifika chini ya nyuzi 24 huganda meupe, na kichupa changu cha zamani kilikuwa kimeganda kama samli. Chupa mpya ilikuwa inachezacheza kama maji. Niliitia friji usiku kucha, asubuhi ikatoka na utando mwembamba tu chini. Kumbe yalichanganywa. Nikazipaka nayo bawaba za mlango wa uani, mpaka leo hazilii.